Mistari Shingoni mwa Mitungi ya Mwamina

Mara ya kwanza nilipomwona Mwamina binti Isihaka akinyooka, niliachia baiskeli ikaanguka, na mitungi miwili ikavunjika. Sikuitazama hata hiyo mitungi.

Ilikuwa mwaka 1953. Mradi wa karanga ulikuwa umekwisha kufa, kambi zimebaki mabati matupu, na sisi tuliokuwa vibarua wa kung'oa visiki tulitawanyika kila mtu na lake. Mimi nilibaki na baiskeli moja, matenga mawili, na uchuuzi niliouanza nikiwa bado kibarua. Nilinunua vyungu na mitungi kwa wanawake wa vijiji vya upande wa Chiola, nikauza Nachingwea na Ruangwa. Kazi hiyo hakunifundisha mtu. Niligonga chungu kwa ukucha, nikasikiliza sauti yake, nikatafuta kasoro, na kasoro hiyo nikaitaja mara tatu kabla ya kutaja bei.

Mwamina nilimjua kama mwanamke aliyepinda. Hakuwa mzee, miaka arobaini na mitano hivi, lakini kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akitembea kifua kimeelekea magotini, macho ardhini, kama mtu aliyeangusha sindano. Akitaka kukuona usoni aligeuza shingo upande, kama kuku anayemchungulia mwewe. Wenzake wote walinibebea vyombo mpaka barabarani. Kwake yeye, kwa sababu ya mgongo ule, niliacha njia na kusukuma baiskeli kwenye mchanga mpaka mlangoni.

Basi asubuhi ile nilikuwa nimesimama mwisho wa njia ya shimo la udongo, pale wanaume tunapokomea. Niliwaona wanawake wawili wakimweka Mwamina kata kichwani, kisha wakamtwika kapu la udongo mbichi. Kapu lilipotulia juu ya kata, mgongo wake ukaanza kupanda. Ulipanda taratibu, kiuno kwanza, kisha mabega, mpaka akasimama wima kama msichana aliyetolewa unyagoni jana. Akaja kwangu, akanipita, akanisalimia kwa kunitazama machoni. Hapo ndipo baiskeli ilipoanguka.

Wazo langu la kwanza nalisema kama lilivyokuwa. Nilijiambia, huyu mama amenisukumisha baiskeli kwenye mchanga mwaka mzima kwa mchezo.

Sikuwa peke yangu kuona. Nyuma yake alikuwa Sofia, mke wa kaka yake, na Sofia alikuwa na hasira ya siku tatu. Wiki ile walikuwa wamechoma vyombo, na kumi na vinne vimepasuka motoni, tisa kati ya hivyo vya Sofia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla na udongo haukukauka, jambo ambalo hata mimi mchuuzi nililiona. Lakini wafinyanzi wa pale walikuwa na namna yao ya kutafuta sababu.

Shimo lile lilikuwa na desturi. Kabla ya kushuka, kila mwanamke alisema mwili wake mbele ya Bibi Zaina, mkuu wa shimo. Aliye katika siku zake alisema, mwenye mimba alisema, mfiwa alisema, mgonjwa alisema. Hakuna hali iliyozuiwa, isipokuwa mwenye siku zake alingoja juu akapokea makapu. Kilichozuiwa ni kuficha au kubuni. Mmoja akidanganya mwili wake, walisema, vyombo vya wote hupasuka. Na asubuhi ile, kama asubuhi nyingine zote za mwaka ule, Mwamina alikuwa amesema: mgongo wangu hausimami na mkono wangu wa kulia hautulii. Nusu saa baadaye mgongo huo ulikuwa umesimama kuliko wa wote.

Kabla ya hapo makapu yake yalibebwa na binti yake. Binti alikuwa ameolewa Ruangwa mwezi ule, ndiyo maana hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kutwikwa tangu apinde. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Wakati ule hakuna aliyelifikiria.

Sofia alimfuata mpaka uani walikotua udongo. Nami nikafuata, maana nilikuwa na mitungi ya kuchukua, na pia nilitaka kuona. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kukaa. Sofia akamuuliza kwa sauti ya kusikika:

"Wifi, na huo ni mgongo wa nani umeazima?"

Wakacheka. Mwamina hakucheka wala hakukasirika. Uso wake siku hizo ulikuwa hauonyeshi kitu, kama ukuta uliopigwa lipu, na watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba ameota kiburi tangu afiwe na mumewe. Sofia akanyoosha mikono, akamtua kapu ghafla bila kumwambia.

Mwamina alikunjika. Alikunjika upesi kiasi kwamba paji la uso lilikosa mdomo wa kinu kwa upana wa kiganja. Sofia akamtwika tena, akanyooka. Akamtua, akakunjika. Mara ya tatu vilevile, kama mtu anayefungua na kufunga kisanduku. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwanamke mmoja aliinuka, akambeba mwanawe, akaondoka bila kuaga.

Bibi Zaina hakupaza sauti. Alisema tu kwamba Mwamina asikanyage shimoni mpaka siku ya kuchimba itakayofuata, yaani baada ya siku kumi na nne. Siku hiyo atasema mwili wake tena, na wenzake wataamua kama ni wa shimo au si wa shimo.

Kwa mtu asiyejua, shimo ni udongo tu. Kwa Mwamina lilikuwa chakula chake chote. Mumewe, Yunusi, alikwenda kulaza reli akarudi na homa iliyomchukua. Jembe lilikuwa limemshinda Mwamina kwa ule mgongo. Akikosa udongo, alikuwa na mlango mmoja wa kuingia, jikoni kwa Sofia, akale kwa mkono wa yule aliyemwita mwongo mbele ya watu.

Watu walipotawanyika nilimwendea. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba mitungi yake inapoza maji kuliko ya mtu yeyote na naipenda, lakini simnunulii mtu anayenichezea. Je, ananichezea?

Alijibu kwa ile sauti yake ambayo ilibidi uinamie ndipo uisikie.

"Mbaruku, ningejua kuigiza, ningeigiza mzima."

Sikumwamini sana, lakini jibu lile lilinikaa. Nikampa sharti. Ningempakia nimpeleke zahanati ya misheni Mnero. Dresa, yule mtibabu wa zahanati, akisema ni mzima, biashara yetu imekwisha. Nilitegemea abishane au atafute siku. Akakubali papo hapo. Kisha naye akanipa sharti lake: dresa akisema ni mgonjwa, niende nikaseme mbele ya wafinyanzi. Nikasema nitakwenda. Akaongeza kwamba neno la mwanamume halishuki shimoni, kwa hiyo nitafute na kitu cha kushika mkononi.

Tulitoka alfajiri ya siku ya tatu, yeye kwenye keria nyuma yangu, paji la uso limelala mgongoni mwangu njia nzima. Alichukua kichungu kidogo na kata yake. Sikumuuliza vya nini.

Dresa alikuwa Linus, kijana wa upande wa Masasi, mwenye haraka na mikono safi. Alimtazama Mwamina akiingia, hatua fupi fupi za kuburuza, akanitazama mimi, akamwambia apande mezani alale chali. Ilimchukua muda kupanda. Halafu akalala, na mgongo wake wote ukagusa ubao. Kisogo, mabega, kiuno, visigino. Alinyooka pale kama mkeka.

Niliinuka kwenye benchi nikatafuta kofia yangu. Mtu ambaye hawezi kusimama amelala amenyooka kama mimi na wewe. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwachia kabla sijaondoka.

Linus akaniita. Alikuwa ameshika kiganja cha kulia cha Mwamina na anakikunjua kiwiko. Akaniambia nishike mimi. Nikashika, nikakunjua. Mkono haukuja kwa mkupuo. Ulikuja kwa kukwama na kuachia, kukwama na kuachia, kama mnyororo wa baiskeli uliojaa mchanga. Mwamina alikuwa anatazama dari, hata hajui ninachofanya. Nimepapasa magunia ya ufuta nikakuta mawe ndani, nimeshikishwa mitungi iliyozibwa ufa kwa nta, najua kitu kilichotengenezwa kunidanganya kinavyohisi mkononi. Hiki hakikutengenezwa. Nilimwachia mkono kama niliyeshika kaa la moto.

Linus akatueleza kwa maneno machache. Ni ugonjwa wa kutetemeka. Uko kichwani, mifupa yake mizima. Kichwa kimesahau kuuamrisha mgongo usimame, na mtu akilala hakuna cha kuamrishwa, ndiyo maana ananyooka. Ndipo Mwamina alipotoa kile kichungu, akamwomba amtwike. Linus akakijaza mchanga kidogo, akamtwika, akarudi nyuma hatua mbili.

Mwamina akasimama wima, na Linus akamzunguka akimtazama. Akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akatembea wima, na hatua zikawa ndefu. Linus akasema wazi kwamba hilo hakufundishwa na daktari yeyote, anakisia tu kwamba kitu kikimkalia kichwani, kichwa kinakumbuka kazi yake.

"Nina vidonge," alisema. "Vitapunguza tetemeko na vitakukausha mdomo. Mgongo havitaunyoosha. Kinachounyoosha ni hicho kichungu chako, endelea nacho, ila kiwe chepesi."

Akamfundisha na mengine: kulala kifudifudi asubuhi na jioni, kuegemea ukuta mpaka visigino na kisogo viguse. Mwamina akauliza atapona lini. Linus alisema haponi. Anaweza kuuchelewesha. Nilipenda kwamba hakupamba.

Wakati wa kuagana akamuuliza ulianza lini. Mwamina hakujua. Linus akasema huanza kwa kificho, miaka kadhaa, sauti inashuka, mkono mmoja unazembea, na wanaojua kuandika herufi zao zinapungua ukubwa hata wenyewe wasitambue. Mwamina akasema hajui kuandika.

Mimi nilikuwa nafunga kamba ya keria. Nikaacha kufunga.

Hakujua kuandika, lakini alichora. Kila mtungi wake ulikuwa na mistari mitatu ya mawimbi shingoni, aliyoikata kwa kijiti udongo ukiwa mbichi. Ndiyo alama yake, na kila nyumba pale ilikuwa na ya kwake.

Nilimrudisha nyumbani, na kesho yake nikaenda Nachingwea kutafuta mitungi. Mmoja niliutoa kwangu, niliununua wiki ile treni ya kwanza ilipoingia Nachingwea, miaka minne nyuma. Wa pili ulikuwa kwa fundi cherehani, aliununua mwaka aliooa. Wa tatu ulikuwa kwa mama muuza uji, aliupata mwaka kambi zilipofungwa, na kunikopesha hakukuwa rahisi. Wa nne ulikuwa bado tengani mwangu. Niliipanga kwenye kibaraza changu kwa kufuata miaka, nikachuchumaa.

Mawimbi ya mtungi wa kwanza yalikuwa mapana kama kidole gumba. Ya wa pili yalikuwa kama kidole cha mwisho. Ya wa tatu yalianza vizuri, kisha yakajibana kadiri yalivyozunguka shingo. Ya wa nne yalikuwa njia ya siafu, imekwaruzwa tu, na mahali pengine mistari mitatu imegandana ikawa mmoja.

Nilikaa chini. Maana mimi nilikuwa nimeiona yote hiyo. Niliiona ilipokuwa inatokea, mtungi baada ya mtungi, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo ilikuwa kasoro yangu ya kutaja mara tatu.

Siku ya kuchimba nilifika mwisho wa njia kabla ya jua kutoka. Nikaipanga mitungi mchangani. Bibi Zaina alipokuja nikamwamkia, nikamweleza ya Mnero na mwaka wa kila mtungi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mji asioujua. Dresa yule ni mtoto wa watu wa mbali, alisema, na hajachoma chombo maishani mwake. Sofia akaongeza kwamba mchuuzi atasema lolote, mitungi ya Mwamina ndiyo ugali wake. Hapo hakukosea.

Kwa hiyo sikusema zaidi. Nilimwomba Bibi Zaina apitishe kidole.

Akapiga goti. Alipitisha kidole gumba kwenye shingo ya kwanza, pole pole, mzunguko mzima. Akaenda ya pili. Kwenye ya tatu alirudia. Kwenye ya nne kidole kilikosa cha kufuata, kikateleza. Wanawake walikuwa wamesogea wote, hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani. Bibi Zaina akaagiza bonge la udongo mbichi na kijiti, akampa Mwamina achore palepale. Mwamina akaanza, wimbi la kwanza pana, la pili jembamba kidogo, na kadiri mkono ulivyokwenda mawimbi yalijifinya, mpaka kijiti kikawa kinatetema mahali pamoja. Yeye mwenyewe alidhani bado anachora.

"Anaweza kufanya makusudi," Sofia alisema, lakini alisema chini.

"Leo anaweza," Bibi Zaina akajibu. "Huu wa tatu ni wa mwaka kambi zilipofungwa, na mistari imekwisha kujibana. Mwaka ule nani alimwita mwongo? Basi alikuwa anamdanganya nani?"

Niliona kazi yangu imekwisha, nikainama kukusanya mitungi. Mama muuza uji alikuwa ameniapisha niurudishe wake kabla ya jua la saa sita.

"Wewe subiri," akaniambia Bibi Zaina. "Uliona mistari inapungua miaka minne. Ulimwambia nini?"

Ningeweza kutafuta njia ya kutokea. Maishani mwangu nimetoka kwenye makubwa kuliko hilo. Lakini Mwamina alikuwa amegeuza shingo upande, ananitazama kwa jicho moja.

"Nilimwambia ameanza uvivu," nikasema. "Nikampunguzia bei."

Wale wanawake walinitazama wote pamoja. Nimewahi kutukanwa sokoni na watu hodari wa kutukana, na haikunigusa. Macho yale yalinigusa.

"Kumbe ulijua kabla yetu sote," Bibi Zaina alisema, akanipa mgongo.

Kisha akamwita Mwamina aseme mwili wake. Mwamina akasema kama siku zote, mgongo wangu hausimami na mkono wangu wa kulia hautulii. Bibi Zaina akamwongezea mwenyewe, kwa sauti, ili wote wasikie: akitwikwa husimama, akilala hunyooka, na vyote viwili ni kweli. Akaambiwa ashuke.

Nilipaswa kuondoka, lakini pale mwisho wa njia mtu huona ukingo wa shimo. Mwamina hakuchimba kwa kuinama. Alilala kifudifudi, kama Linus alivyomfundisha, akaukwangua udongo mbele yake kwa mikono miwili. Alikuwa amenyooka kisogo mpaka visigino, mbele ya wote, na safari hii hakuna aliyecheka. Kapu lilipojaa Sofia akalichukua. Alisimama nalo kidogo. Nilidhani atalibwaga.

"Wifi, nakutwika," alisema. "Nikitaka kukutua nitakwambia kwanza."

Akamtwika. Mgongo ukapanda.

Mwamina alichimba pale miaka minne zaidi. Vidonge vilimkausha mdomo kweli, na tetemeko likapungua nusu. Alizoea kutembea na kichungu cha mchanga kichwani hata akienda kuazima moto, na watoto wa pale wakaona ni kawaida. Mwaka wa mwisho kichungu kilikuwa kikimnyoosha kwa nusu ya njia tu, kisha kwa hatua chache, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye Ruangwa. Na mvua ya kwanza baada ya siku ile ya mitungi, vyombo vilipasuka tena, vingi zaidi. Bibi Zaina akaamuru kwamba kuanzia hapo visichomwe kabla havijakaa kivulini siku saba.

Mimi, wiki ile ile Mwamina aliporudishwa shimoni, nilirudi kwake kuchukua mitungi. Nilisukuma baiskeli kwenye mchanga mpaka mlangoni. Alinisikia, akajitwika kichungu chake kabla ya kutoka, akasimama kizingitini, wima, macho yake sawa na yangu. Nikaligonga tumbo la mtungi kwa ukucha. Nikatazama shingo, ile njia ya siafu. Nikafungua mdomo kutaja kasoro.

Miaka yote nilikuwa nimefanya biashara na mwanamke anayetazama miguu yangu. Sasa alikuwa ananitazama usoni, uso wake haujasogea hata unyusi, na sikuweza kusoma chochote humo. Akataja bei yake. Ilikuwa ile ya mwaka wa treni.

Nikailipa.